Mshazari utafute kwenye chombo, si kwenye mkono wako

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za pwani ya Bagamoyo zimepooza, na kwa nini uliposhauriwa utumie mistari ya mshazari ukaanza kuinamisha simu, bahari ikatoka kama maji yanayotaka kumwagika kwenye sinia. Njia hiyo nimeipita na iliniuma, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga harusi niliinamisha kamera karibu kila picha. Niliamini ndiyo ufundi. Mama wa bibi harusi akafungua albamu, akafika ukurasa wa tatu, akaniuliza: "Mwanangu, mbona wanangu wanateleza?" Maharusi walikuwa wamesimama wima, wametulia, siku yao kubwa, mimi nikawafanya waonekane wanaanguka. Nilichapisha upya albamu nzima kwa pesa yangu, na swali la yule mama ndilo lililonifundisha kazi hii.

Mstari wa mlalo umelala. Wa wima umesimama. Wa hanamu, yaani huo wa mshazari, uko njiani, ama unapanda ama unaanguka, na jicho halitulii mpaka lijue unaishia wapi. Ndiyo nguvu yake. Sasa ukiinamisha kamera, unakipa mwendo kila kilichomo, hata kisichotembea. Mpiga picha Alexander Rodchenko wa Urusi alikuwa akiinamisha kamera makusudi miaka ya 1920 na 1930, na picha zake zimefana, lakini nyingi ni za ngazi, roshani na majengo ya mjini. Wewe una bahari nyuma. Kila mtu anajua maji hayakai upande, kwa hiyo upeo wa bahari ukipinda hata kidogo, mtazamaji anaona kosa kabla hajaona chombo.

Na pale ufukweni mshazari umejaa tele. Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, imefungwa kwa hanamu kwenye mlingoti. Tanga lenyewe ni pembetatu. Amari, ile kamba ya nanga, inashuka kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi kwenye nanga. Maji yakipwa, vyombo hulala ubavu mchangani na milingoti yote inainama, huu huku na ule kule. Nenda siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa sababu maji hukimbia mbali zaidi, na kupwa huangukia kama saa nne asubuhi. Jua la saa hiyo ni kali, ndiyo, lakini kivuli cha mlingoti kwenye mchanga mweupe kinakuongezea mstari mwingine bure. Ukitaka vivuli vyeusi vya vyombo dhidi ya anga, wahi alfajiri, jua linatokea baharini. Alasiri mwanga unatoka upande wa mji, mgongoni kwako, na rangi za mbao zinafunguka.

Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga pale ni ya fundi akitia kalafati. Chombo kilikuwa kimelala, naye amechuchumaa chini ya ubavu, anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo. Nilipiga mara ya kwanza nimesimama mbele yake, ubavuni mwa chombo. Mbao zikatoka zimelala kama mistari ya daftari, picha haina uhai. Nikamwomba ruhusa nisogee, nikachuchumaa karibu na omo, bega langu likigusa mbao, nikatumia lenzi pana. Mbao zile zile zikaanza kukimbia kutoka pembe ya chini kushoto kwenda kwake, zikibanana kadiri zinavyokwenda. Mkono wake wa nyundo ulikuwa unashuka kwa mshazari wa upande wa pili. Mistari yote ikakutana kwenye vidole vyake vyeusi kwa mafuta, na ule uzi mweupe wa pamba ukining'inia. Nyuma, upeo wa bahari umenyooka kabisa. Sikuinamisha chochote, nilihama mita mbili tu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea: mstari mzuri wanaupata, lakini unaishia patupu. Tafuta kwanza mtu au kitu, halafu tafuta mstari unaokwenda kwake. Wala usihangaike kuulenga kwenye pembe yenyewe ya fremu. Ukianzia jirani na pembe inatosha.

Kuhusu upande, sisi tunaosoma kutoka kushoto kwenda kulia, mstari unaotoka chini kushoto hadi juu kulia huonekana unapanda, na wa kinyume chake unateremka. Mimi nilianza kusoma chuoni, yaani madrasa, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, na hadi leo baadhi ya picha nazihisi kinyume na wenzangu. Jaribu kugeuza picha kama kwenye kioo uone inavyobadilika, ila usiichapishe imegeuzwa kama kuna jina la chombo ubavuni.

Mjini nako, ule ukuta mrefu wa Boma la Wajerumani la 1897 ukipigwa kwa mbele ni mistatili mitupu. Jibanze karibu na ukuta, uutazame kwa urefu wake, utaona mistari inavyokimbia.

Lakini kwenye magofu ya Kaole, jirani na Bagamoyo, kaa mbali na mshazari. Makaburi yale ya nguzo yamejengwa yasimame, na heshima yake iko kwenye kusimama kwake. Yapige wima, kwa utulivu.

Washa gridi, ile mistari ya kupimia kwenye kioo cha kamera ya simu, ili upeo usikuponyoke. Na ile picha yako ya mashua ya bluu usiifute. Nyoosha upeo, kisha ukate ule mchanga mtupu wa kushoto mpaka amari ianzie karibu na pembe ya chini. Pale inapofika omo kuna mtoto amekaa, nadhani hukumwona. Iweke tena hapa tuitazame.