Shangazi, mume wangu anataka mtoto aitwe Anna na mimi jina hilo siliwezi

*Shangazi kamwene. Mi ni mama wa miaka 27, niko Mafinga, mume wangu anafanya biashara ya mbao, ndoa yetu mwaka wa tatu huu na wiki tano zilizopita nimejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa. Shida ni jina. Tangu mimba ina miezi minne mume wangu alishasema akija wa kike ni Anna, jina la mama yake, na mi sikuwa na neno maana mama mkwe ni mtu mzuri na ndo yuko hapa ananiogeshea mtoto. Sasa wiki moja kabla sijajifungua tuko na wifi tunachambua maharage akaropoka eti "kaka naye na hao kina Anna wake". Nikambana, akasema kabla yangu mume wangu alikuwa na mchumba Mbeya anaitwa Anna, walifika mpaka kwenye mahari ikashindikana. Shangazi, sijawahi kuambiwa. Usiku nikachukua simu yake nikakuta namba imeandikwa "Anna Mbeya" na wamepigiana mara mbili mwezi ule ule. Toka hapo jina silitaki hata kulisikia. Mi nilitaka Neema, jina la marehemu mama yangu. Na hata kwenye sinema na tamthilia kina Anna ndo hao hao wa kuiba waume za watu. Kadi ya kliniki mpaka leo haina jina, nesi ananiuliza kila nikienda, na mama mkwe ameanza kununa kimya kimya. Nikatae? Mama wa asiye na jina, Mafinga.*

Kamwene mwanangu, na hongera sana ya uzazi.

Nianze na hilo la sinema maana ndo jepesi, tulimalize. Kina Anna ni wengi kwenye sinema kwa sababu wako wengi kila mahali, na jina lenyewe ni fupi, halimpi mtu tabu kulitamka awe Mrusi, Mhispania au Mbena, ukilisoma toka mbele au toka nyuma ni lile lile. Mtunzi akikosa jina la mwanamke anaweka Anna anaendelea na kazi yake. Yule maarufu kuliko wote kwenye vitabu, Anna Karenina wa yule Mrusi Tolstoy, wala hakuiba mume wa mtu, aliacha wa kwake akamfuata afisa wa jeshi na akaishia pabaya. Halafu kuna Anna wa katuni ya Frozen ya 2013, mjukuu wangu anaiweka mpaka naota, huyo kazi yake ni kukatiza theluji anamtafuta dada yake Elsa aliyekimbia nyumbani. Sasa nani hapo kaiba mume? Ungekuwa umechukia jina Penina ningekuelewa, maana kwenye Biblia Penina ndo alikuwa anamchokoza mke mwenzie Hana kwa kukosa mtoto mpaka Hana anashindwa kula. Na Hana ndo Anna huyo huyo, ndo lilikotoka jina.

Na ukitoka kwenye sinema ukaja kwetu huku, we mwenyewe unajua. Darasani kwetu Iringa tulikuwa na kina Anna watano, Anna Mrefu, Anna Mweupe, Anna wa Kilolo, Anna Kwaya na mmoja maskini tulikuwa tunamwita Anna Mwingine tu, mpaka leo nikikutana naye sokoni namwita hivyo hivyo na anaitika. Wakatoliki wana Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria, sikukuu yake tarehe 26 Julai, na Walutheri wana Ana wa Luka sura ya 2, yule nabii mjane wa miaka 84 aliyekuwa haondoki hekaluni, kwahiyo mtoto wa kike akizaliwa huku jina liko karibu. Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania, 2010 mpaka 2015, ni Anna Makinda, mtu wa Njombe, tena wakati anachaguliwa Njombe ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, na ndo huyo huyo aliyekuwa Kamisaa wa Sensa ya 2022. Uchaguzi wa urais wa 2005 mwanamke pekee kwenye karatasi ya kura alikuwa Anna Senkoro, ikaja 2015 wagombea wanane mwanamke mmoja, na yeye Anna, Anna Mghwira, Mungu amrehemu. Yani ukitaka kulikataa jina hilo kwa ajili ya Anna mmoja wa Mbeya itabidi uwapishe kwanza foleni nzima, na wa kwanza kwenye foleni ni huyo mama anayemwogesha mwanao asubuhi hii.

Lakini usidhani nakudharau. Kuna kitu hukukiandika ila mi nakiona, na nadhani ndo kinachokuuma hasa. Jina halibaki kwa mtoto peke yake. Huku kwetu ukishazaa jina lako linaishia hapo, kesho na keshokutwa we ni Mama Anna, dukani Mama Anna, kwenye vikoba Mama Anna, kanisani Mama Anna, na yeye kule kwenye mbao wataanza kumwita Baba Anna. Mtu kaambiwa jina hilo lina mwanamke mwingine ndani yake halafu anatakiwa alivae mpaka azeeke, lazima limkabe. Nakuelewa kabisa. Ila geuza upande wa pili uone, siku huyo wa Mbeya akipiga simu akapokelewa na "haloo, Mama Anna hapa, nikusaidie nini?", nani atakayekosa cha kusema? Nimecheka peke yangu hapa nikiandika, samahani.

Haya, tuje kwenye simu. Hapo ndo kuna kesi, sio kwenye jina. Kuwa na mchumba kabla yako sio kosa, mahari ikashindikana, watu wangapi imewashindikana. Kosa lake ni kwamba miaka mitatu hakukuambia, ukaja kuambiwa na wifi juu ya ungo wa maharage ukiwa na tumbo la miezi tisa. Na zile simu mbili sijui zilikuwa za nini, we pia hujui, inawezekana kulikuwa na msiba, inawezekana kuna deni la mahari halijarudishwa, maana huku mahari ikivunjika wazee wanaweza kukumbushana miaka kumi, na inawezekana pia ni hicho unachokiogopa. Usimpake matope kabla hajafungua mdomo, na usimsafishe pia. Muulize.

Namna ya kumuuliza ndo kazi. Usiulize usiku mama mkwe akiwa chumba cha pili, nyumba zetu hizi za mbao na bati ukikohoa jirani anakuambia pole. Usiulize kabla hajala. Na usianze na "nani Anna Mbeya", hapo atajua umeshika simu na ugomvi wote utahamia kwenye simu, nimeona ndoa nyingi zinafia hapo, mtu anaulizwa kuhusu mwanamke anajibu kuhusu simu na anashinda kesi. Anza na ukweli wako, mwambie nimesikia kabla yangu ulikuwa na mchumba Mbeya jina lake Anna, sikugombi kwa hilo, ila nataka kusikia kutoka kwako, na nataka kujua mwanetu anapewa jina la nani. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kunakuwa kugumu ukiwa mzazi wa wiki tano, usingizi huna na machozi yako karibu, lakini jitahidi, mwache yeye ndo aongee. Akiongea vizuri, la simu mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo na umuombe radhi, maana na wewe ulipekua, tusifichane. Akikwepa au akianza ukali, hapo nawe jina liweke pembeni kwanza, mna shida kubwa kuliko jina na itabidi mkae na mshenga wenu.

Na huyo wifi. Mi simuamini. Mwanamke ana siku saba ajifungue, we unamwambia mambo ya mchumba wa kaka yako? Anaweza kuwa ameropoka kweli, wengine midomo haina mlango, lakini asije akajua mmegombana wala mmepatana, mpe maharage achambue basi.

Kuhusu mama mkwe, mwanangu, hapo nakuomba. Mtu kufanyiwa mjukuu wa jina lake akiwa hai, na anamwogesha kwa mikono yake, unajua ni kitu gani? Mume wako atakuwa anamwita mwanao "mama", utaona, baba mwenye mtoto wa jina la mama yake anakuwa mpole kama ameloweshwa. Bibi naye hatamwita Anna, atamwita somo. Kununa kwake sio hasira ya mtu mbaya, anadhani umemkataa yeye, na hana namna ya kujua kuwa unamkataa mtu mwingine kabisa asiyemjua hata... aa, anamjua, kama walifika kwenye mahari anamjua. Basi ndo kabisa, pengine na yeye anaona aibu na anashindwa kuanza.

Sasa kuna kitu nimekiweka makusudi huku chini. Hana kwa Kiebrania maana yake ni neema. Umeona? Mama mkwe wako na marehemu mama yako walikuwa na jina moja miaka yote, mmoja kwa lugha ya Biblia ya zamani na mwingine kwa Kiswahili, na hakuna aliyewaambia. Sikuambii hivi ili unyamaze ukubali, maana moja ni ya kwenye vitabu, sikio lenyewe linataka kusikia Neema, nami najua ulitaka kuita jina hilo tena ndani ya nyumba baada ya mama kuondoka. Basi liite. Maana angalia, mtoto akifika miaka minne akaanza kumwaga maji na kuvunja vikombe, na bibi amekaa pale kwenye mkeka, we utathubutu kusimama mlangoni upige kelele "wewe Anna njoo hapa!"? Hutathubutu, mkwe atageuka. Jina la nyumbani mtalihitaji tu mtake msitake. Kwenye karatasi awe Anna, nyumbani aitwe Neema, na kanisani mkibatiza padre au mchungaji ayataje yote mawili. Hilo la maana ya jina mwambie mama mkwe mwenyewe, wewe kwa mdomo wako, asubuhi mtoto akiwa kwenye beseni, usimtume mume.

Ila mfuatano usiuvuruge. Kwanza mazungumzo na mume, halafu mama mkwe, halafu kliniki. Ukikubali jina kabla hajakujibu, kila ukimwita mtoto utakuwa unamuuliza baba yake swali lile lile kimoyomoyo. Lakini pia usikae nalo mpaka mtoto anaota meno, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka 5 huko mkoani kwetu kinaandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata na ni bure, ila jina likishaandikwa kulibadilisha ni kiapo, barua, nenda rudi na nauli. Hakikisha na herufi pia. Mi cheti changu kina n moja na kitambulisho kina mbili, nimehangaika nalo mpaka nimechoka.

Na ile namba, mkishaelewana, aifute au aiandike jina kamili la mtu na ukoo wake kama ni ya shughuli ya wazi, maana ndani ya nyumba yako tayari kuna Anna mkubwa na Anna mdogo.

Mfunike mtoto vizuri, Mafinga baridi hiyo si ya kuchezea. Uniandikie nijue nesi ameandika nini.

Shangazi