Papa akaniuliza, na makala (makaa ya kupikia) nitaweka wapi?

Nilikuwa na hamu ya kufunga taa kwenye chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo hapa Goma, Kongo, juu wale wanaoshuka mjini na mizigo kutoka Kibumba giza likiwakuta njiani wanashika tochi kwa meno, nikasema hapa sasa kuna kazi ya mtu wa dizaini. Nikaangalia ule ubao, mrefu, umelala, umelielekea jua, nikafunga pale pano ya sola ya wati 10, ikakaa vizuri mpaka nikapiga picha. Papa mmoja wa mtaa wa Birere akakubali kuijaribu wiki moja. Kurudi ananiuliza kwa upole, "Mutoto yangu, na makala nitaweka wapi?"

Na alikuwa ameshaweka. Magunia matatu juu ya sola, siku nzima, kioo kimepasuka kama sahani.

Basi ushauri wangu kwa wewe unayetaka kutia umeme kwenye kitu cha kila siku, tembea nacho kwanza siku mbili tatu. Saa sita mchana kinakuwa wapi? Kinalowa wapi, nani anakishika, usiku kinalala kwa nani? Mimi nilikipima kwa mita tu.

Baada ya sola nikajaribu dinamo ya baiskeli, zile za volti 6 wati 3. Kwenye mteremko ilikuwa tamu kweli! Lakini gurudumu la chukudu ni la mbao limevishwa mpira wa tairi, likilowa kile kiroli cha dinamo kinachozungushwa na gurudumu kinateleza, likikauka kinakula mpira, na likisimama taa inazima palepale unapofunga mzigo upya.

Kilichonifungua akili ni Little Sun, ile taa ndogo ya njano ya Olafur Eliasson, msanii, na injinia Frederik Ottesen, ilitoka 2012. Iko na kamba ya kuvaa shingoni. Kumbe taa inaweza kumfuata mtu, si lazima ishikamane na chombo. Nikatengeneza ya kuchomoa, inabanwa kwenye usukani wa chukudu, na sola yake ikabaki nyumbani juu ya bati.

Kwa batri mimi natumia zile silinda za ndani ya batri za laptopu zilizokufa, 18650, yaani milimita 18 kwa 65 (kobalti yake labda ilitoka kwetu huko Kolwezi, ikazunguka dunia, ikarudi Goma kama takataka, tuache hiyo). Si zote zimekufa, mara nyingi ni moja mbili zimeangusha wenzake. Ukipima ukakuta iko chini ya volti 2, usiihurumie. Nzuri ichaji mpaka 4.2, iache wiki nzima bila kuigusa, ikishuka chini ya 4 tupa. Ikipata moto wakati wa kuchaji pia tupa, hata kama inaonyesha volti nzuri. Na usichaji bila kile kikadi cha kukata umeme ikijaa, nimeona meza ya fundi ikiungua juu ya uvivu huo.

Juzi nimemkuta Papa anashuka, tochi kwenye meno tena. Nikamuuliza taa iko wapi, akacheka: mama ameichukua, anauzia nayo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, jioni. Ameniagiza ya pili, na hiyo anataka niifunge na nati.