Re: Kibanda cha baga Mbeya, nikopi McDonald's au Burger King? USITUME HELA YA MABOKSI

Mkuu usitume hiyo hela. Kama simu iko mkononi iweke chini kwanza.

Umeuliza kati ya maduka ya baga ya Marekani, McDonald's, Burger King, Wendy's na Five Guys, ipi inaongoza kwa ladha na kwa thamani ya hela ili uikopi kwenye kibanda chako cha Iyunga karibu na chuo, ukauliza na combo (baga, chips na soda kwa pamoja) uweke bei gani, delivery ya boda iweje, sijui sosi, sijui jina, alafu kule chini kabisa ukachomeka kama kitu kidogo tu kwamba kuna jamaa wa Dar anakuuzia maboksi ya nyama za baga zilizogandishwa, "saizi ileile ya McDonald's", na anataka nusu ya malipo wiki hii. Hilo ndio swali lako lote mkuu. Hayo mengine mapambo. Mimi hayo maboksi nimeyanunua, kwa maneno hayohayo neno kwa neno, nimesoma post yako chai ikapoa mezani.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule jamaa hakunidanganya. Angenidanganya ningelala usingizi, ningesema nimepigwa kama wanavyopigwa wengine, basi. Sikiliza sasa. Nyama ya kawaida ya McDonald's, ile inayoingia kwenye hamburger na cheeseburger zao ndogo, ratili moja inatoa vipande 10. Ratili ni kama gramu 454, kwahiyo kipande kimoja ni gramu 45. Arobaini na tano, mbichi. Ikikaa kwenye chuma cha moto inapoteza kama robo ya uzito, maji na mafuta vinaondoka, unabaki na thelathini na kitu. Mimi kichwani nilikuwa na picha ya Quarter Pounder, ile ya robo ratili, gramu 113, kwa sababu ndio niliyokula Joburg nilipofuata vipuri nikakumbuka ilivyojaa mkononi. Zote mbili ni saizi ya McDonald's! Jamaa kasema kweli tupu. Sikuuliza ipi, nikalipa maboksi ya kujaza friza zima, na friza lenyewe nililinunua kwa ajili hiyo, la mkopo wa kikoba, wife hajui hiyo sehemu naomba tuishie hapo.

Ngoja nikupe hesabu maana nyie vijana bila hesabu mnaona mzee analalamika. Kipande kimoja kwa bei ya jumla kilinifikia kwa 1,100. Gawa kwa gramu 45, unapata zaidi ya shilingi 24 kwa kila gramu. Siku hiyohiyo bucha pale Soweto kilo ilikuwa 12,000, yani shilingi 12 kwa gramu. Nimelipa mara mbili ya bucha, tena kwa kitu ambacho sio nyama yote, maana nilikuja kusoma maandishi madogo ya kwenye boksi baadaye sana, nyama ya ng'ombe, maji, soya, unga wa mkate, chumvi, na vitu vingine vya maabara. Mbeya hii mkuu, ng'ombe wanatoka Mbarali hapo chini tu, mimi naagiza soya ya kugandishwa kutoka Dar inapanda na basi usiku kucha.

Sasa mikate. Mikate nilimwekea oda mtu wa bekari Mwanjelwa, nikamwambia nataka mikubwa, mipana, yenye ufuta, maana kwenye picha ilikuwa mikubwa. Akanitengenezea mikate safi kabisa, huyo sina ugomvi nae. Kaanga kile kipande, kinasinyaa, weka juu ya ule mkate, kinaonekana kama kitufe kwenye koti. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mwanachuo, kijana mpole, akapokea baga, akafunua mkate wa juu, akaangalia, akafunika taratibu, akamwita mwenzake aje nae aone. Alafu akaniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani mzee, nyama inafuata?" Wiki haikuisha kibanda kilishapewa jina, Mkate na Matumaini. Watu wakipita na bodaboda wanapiga kelele jina hilo. Mnacheka, chekeni, najua humu kuna watu walipanda parachichi kwa ushauri wa group la WhatsApp na miche ikageuka kuwa miti ya kivuli, sitaji mtu.

Aliyenipeleka huko ni mshauri wa biashara. Alikuja na semina, kiingilio cha kulipia, ukumbi wa kukodi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akasimama mbele akasema na nanukuu, "Mzungu hauzi nyama, anauza muonekano." Watu makofi. Mimi nikaandika kwenye daftari nikapigia na mstari. Baada ya semina ndio akanipa namba ya mtu wa maboksi, na nilikuja kujua baadaye sana kwamba kwenye kila boksi alikuwa na chake. Nilipompigia kumwambia wateja wanafunua mkate akaniambia tatizo ni branding, nibadilishe rangi ya kibanda. Nikabadilisha. Kikawa chekundu na njano. Kitufe kikabaki kitufe. Nikampigia tena, akasema basi piga dabo kama Big Mac ya McDonald's, weka vipande viwili. Nikaweka viwili, nikajiona nimepona.

Hapo ndipo nilipozama kabisa sasa. Vipande viwili ni 2,200. Mkate 600. Jibini kipande 700. Kifungashio 400. Hapo sijaweka mafuta, gesi, saladi, sosi, dada wa kukaanga, kodi ya fremu. Nauza 5,000, na mwanachuo mwenye elfu tano Mbeya ana mambo mengi ya kufanya nayo, anakula chips mayai anashiba na nauli ya bajaji inabaki. Na baada ya mateso yote hayo baga yangu ya dabo ilikuwa na gramu 90 za nyama. Tisini. Ningechukua nyama ya bucha, nikasaga, nikakata kipande kimoja cha gramu 113, nyama ingenigharimu 1,356. Yani yenye nyama nyingi ilikuwa 1,356 na yenye nyama kidogo mimi nalipia 2,200, na kila siku asubuhi naamka nafungua kibanda kwenda kuendelea na huo upuuzi. Umeme nao ulipokatika siku mbili mfululizo vipande vikayeyuka vikashikana vikawa tofali moja, nikavimwaga vyote. Nilihuzunika kwa adabu tu, moyoni nilishukuru.

Haya, swali lako la hao wakubwa. Ukiwaangalia kwa gramu picha inabadilika kabisa. Big Mac ambayo dunia nzima inaijua, ilianza Pennsylvania 1967 na mwaka uliofuata ikasambaa Marekani yote, ni vile vipande viwili vya gramu 45 na mkate wa tabaka tatu. Gramu 90. Quarter Pounder ya hukohuko dukani ni fupi, haina urefu wa kupiga picha, lakini ina gramu 113 kwenda juu. Kwahiyo ukiwa hapo kaunta mwenye njaa anachukua ile fupi na mwenye Instagram anachukua ile ndefu. Whopper ya Burger King, ipo tangu 1957, nayo ni robo ratili, sema wameitandaza ikawa pana na wanaichoma juu ya moto wa wazi, ndio maana ina ule moshi. Wendy's, walioanza Ohio 1969, wao walikuwa wajanja zaidi, nyama wakaifanya ya pembe nne ili kona zitokeze nje ya mkate. Unaiona nyama kabla hujafunua chochote! Mimi nilifanya kinyume chake nikitoa hela yangu mwenyewe. Five Guys ni wa bei, wanalalamikiwa kila kona kwa bei, lakini baga yao ya kawaida ina vipande viwili tayari, ukitaka kimoja unaagiza ile wanayoita Little, na vitu vya kuweka juu hawakutozi. Watu wanalinganisha bei ya Five Guys ya kawaida na cheeseburger ndogo ya McDonald's alafu wanasema huyu mwizi, wakati wanalinganisha vitu viwili tofauti.

Na msidhani ni sisi tu tunaopotezwa na macho. Miaka ya 80 kuna kampuni Marekani, A&W, walitoa baga ya theluthi ya ratili kupambana na robo ya McDonald's, nyama nyingi zaidi kwa bei ileile. Ikafeli. Walipouliza wateja kwanini, wengi walisema kwanini tulipie theluthi wakati robo ni kubwa, si ina 4 na hii ina 3. Watu wazima na magari yao. Kwahiyo usiandike robo wala theluthi kwenye menyu, andika gramu, kila mtu Mbeya amewahi kusimama mbele ya mizani sokoni.

Ladha mimi sikushindanishii, Joburg nilikula McDonald's na Steers tu, Steers, wale wa Afrika Kusini, nao wanachoma kwa moto wa wazi, na kwa mdomo wa mtu aliyekulia kwenye nyama choma moshi unashinda. Lakini usikimbilie jiko la mkaa. Ng'ombe wetu hawa wa kuchunga wana nyama kavu, ukiisaga yenyewe ukaiweka juu ya mkaa inavunjikavunjika na ikitoka salama inatafunika kama adhabu. Baga inataka mafuta kama asilimia 20. Mwambie mwenye bucha akuchanganyie shingo, kidari na nundu, hasa nundu, aisage mbele yako, usikubali ile iliyosagwa jana ikakaa kwenye beseni. Usiweke yai, usiweke mkate, usiweke vitunguu ndani, hiyo itakuwa kababu, nzuri lakini sio baga. Chumvi weka juu tu dakika unayoitupa kwenye chuma, ukiikanda ndani mapema nyama inakuwa inadunda kama soseji. Kikaango cha chuma kizito, moto mkali, bonyeza mara moja mwanzoni alafu acha mikono. Na iive mpaka katikati, usiniletee mambo ya nyama nyekundu ndani, ya kusaga sio steki, vijidudu vya juu vinakuwa vimeshachanganyika mpaka ndani. 1993 huko Marekani baga zisizoiva ziliua watoto wanne na kuugua wakaugua mamia.

Kingine, mafuta ya ng'ombe yanaganda haraka, na wewe unajua baridi ya Juni hapa ilivyo. Baga ikisafiri na boda kutoka Iyunga mpaka Forest inafika imeganda, ukiila inaacha utando mweupe kwenye kingo za mdomo. Wauzie waliopo hapo, waile wakiwa wamesimama.

Chips za combo nilitaka kuandika kitu, hao wakubwa faida yao nene iko kwenye soda na chips, ndio maana dada wa kaunta hakuachii bila kukuuliza unaongeza chips, ila huku viazi vinashuka kwa malori kutoka Isyonje kila mtu ana jiko la chips, hutamuuzia mtu wa Mbeya kiazi kwa bei ya Marekani. Kwahiyo rudi kwenye nyama. Gramu mbichi, gawa bei kwa gramu. Baga ya kwako, baga ya jirani, boksi la Dar, Big Mac, kila kitu kipitishe hapo kabla hujaangalia picha.

Mizani ya jikoni ya betri inapatikana Mwanjelwa, haifiki hata bei ya robo boksi. Kipande cha gramu 110, ndicho ninachouza mimi sa hivi, nyama inasimama kwenye 1,320 kwa ile bei ya bucha niliyokutajia, mkate nimeupunguza upana ili nyama ifike ukingoni na ichungulie kidogo, nauza 4,500 na imeandikwa gramu 110 kwa chaki. Wanafunua bado. Waache wafunue.

Huyo jamaa wa maboksi mwandikie mambo mawili tu, kila kipande gramu ngapi kikiwa kibichi, na nyama ni asilimia ngapi kwenye karatasi ya boksi, apige picha ya hiyo karatasi. Akikujibu kwa gramu leta hapa tupige hesabu wote. Akianza neno muonekano mblock, inawezekana ni yuleyule wangu kabadilisha laini.

Friza lipo, lita 300, linafanya kazi, mwenye uhitaji aje PM. Ila wewe mwenye uzi sikuuzii.