Redio ya Mzee Ilivyoacha Kukwaruza

Nyumba yetu ya Lushoto iko bondeni, milima kila upande, paa la bati. Miaka yote mzee alisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku akiwa ameshika antena ya redio kwa mkono. Akiiachia tu, inakwaruza.

Likizo moja nikamletea antena ya bei mbaya, "ina nguvu" kwa maneno ya muuzaji. Nikaiweka juu ya kabati. Wapi! Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari kama mwanga. Mlima huyakinga, na bati nalo hukinga. Chini ya bati, antena ya Sh 5,000 na ya Sh 50,000 zimefungiwa chumba kimoja.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, chukua redio ndogo ya betri, tafuta kituo kinachosikika kwa shida, uzunguke nayo uani taratibu. Nyuma ya jiko, hatua tatu kutoka kwenye mparachichi, sauti ilitulia kabisa. Nikisogea mita moja, inapotea.

Hapo nikasimika mwanzi na antena ya kujitengenezea: vipande viwili vya waya, kila kimoja sentimita 75. Hesabu yake ni kugawanya 75 kwa megahezi za kituo, yaani namba yake kwenye redio, unapata urefu wa kipande kwa mita. Visigusane. Kimoja unga na waya wa kati wa kebo ya TV, kingine na ule wavu wa waya unaouzunguka, kisha funga maungio yasiingie maji. Redio ya mzee haina tundu la antena, basi ule waya wa kati nikaubana kwenye antena yake.

Vituo vingine hurusha mawimbi yaliyosimama, vingine yaliyolala, kwa hiyo jaribu kuzisimamisha nyaya na kuzilaza. Ukizilaza, ubavu ndio uelekee kituo, si ncha. Mdogo wangu aligeuza mwanzi, mzee ndani akipiga kelele, "Hapo! Hapo! Aa, umepitiliza!"

Kabla radi hazijaanza, chomoa kebo.

Ukabaki mkwaruzo mmoja, usiku, mzee akihamia AM kutafuta vituo vya mbali. Huko antena ya chuma haisaidii, kwa kuwa redio nyingi zina ya AM ndani. Unageuza redio yenyewe. Tukageuza wee, bila mafanikio, mpaka nikachomoa chaja ya simu yangu iliyokuwa pembeni.