Uliza Ujibiwe: El Nino ya 2015 iliishia wapi, na mvua za 2019 zilitoka wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nalima mahindi na mpunga kidogo huku Korogwe. 2015 tulitangaziwa El Nino kubwa inakuja, tukazibua mitaro, tukahamisha hadi mbuzi, mvua ikaja ya kawaida tu. 2019 sikusikia mtu anataja El Nino na vuli ikapiga mpaka basi. Hawa watu wa hali ya hewa wanabahatisha au kuna kitu hatuambiwi? (Mkulima, Korogwe)

JIBU: Hawabahatishi ndugu yangu, ila sisi wananchi (na waandishi tumo) tumeng'ang'ania jina moja tu, El Nino, wakati kinachoamua vuli yetu zaidi ni Bahari ya Hindi hii hii. El Nino iko Pasifiki huko, maji ya katikati na mashariki yake yakizidi joto la kawaida kwa nusu digrii au zaidi na yakakaa hivyo miezi kadhaa ndio inatangazwa. Inatufikia ndio, lakini mara nyingi inapitia kwenye bahari yetu, na bahari yetu ikigoma basi kelele zote zinaishia redioni.

Miaka ya kawaida maji ya moto yanajaa upande wa Sumatra, hewa ya juu yake inapanda, mawingu yanajijenga na mvua inanyesha huko huko Indonesia. Upepo wa chini unavuma kwenye ikweta kutoka kwetu kwenda kwao kujaza nafasi, halafu ile hewa iliyopanda inarudi juu kwa juu na kushuka huku Afrika Mashariki, na hewa inayoshuka haileti mawingu, ndio maana vuli yetu miaka mingi ni ya kugusagusa. Sasa kuna miaka mambo yanageuka, maji ya Sumatra na Java yanapoa, ya kwetu yanapata moto, na upepo unaanza kuvuma kuja huku. Umeshawahi kupuliza uji bakulini? Ule utando wa juu unakimbilia upande wa pili. Ndivyo maji ya moto yanavyosukumwa kuja magharibi, na kule Sumatra maji baridi yanapanda kutoka chini, kwa hiyo tofauti ya joto inazidi, na tofauti ikizidi upepo nao unazidi. Usiniulize kilianza kipi, upepo au maji, maana vinachocheana.

Hali hiyo ndio inaitwa dipoli chanya ya Bahari ya Hindi, na ilikuja kupewa jina 1999 tu, kundi la kina Saji na Yamagata kule Japani walipochapisha utafiti wao. Kabla ya hapo kila gharika tulimbambikia El Nino. Mfano vuli ya 1961 haikuwa na El Nino yoyote, dipoli ilikuwepo, mvua ikanyesha kiasi kwamba Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. 1997 vikaja vyote viwili kwa pamoja, na hiyo ndio wazee wanaisimulia mpaka leo, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilikatika na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo Garissa. 2015 El Nino ilikuwa na nguvu kweli, tangazo halikuwa uongo, lakini mashariki ya bahari yetu haikupoa kama 1997, tofauti ikawa ndogo. 2019 Pasifiki imetulia kabisa, dipoli ikawa miongoni mwa kali zilizowahi kupimwa: West Pokot kule Kenya milima ikaporomoka Novemba, huku Australia wanaungua kwa ukame.

Halafu jambo jingine, utabiri wa msimu unatolewa kwa uwezekano, "kuna nafasi kubwa ya mvua za juu ya wastani", ila ukifika redioni unakuwa "mvua kubwa zinakuja". Hapo lawama ni yetu.

SWALI: Mimi mvuvi wa Lamu. Kusi na kaskazi vinaingia wapi kwenye hayo? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Vinaingia sana kaka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikikaza Juni mpaka Agosti, inakokota maji ya juu kuyatoa pwani ya Somalia na maji baridi yanapanda kutoka chini, nadhani wewe mwenyewe ukizama kipindi hicho unayasikia mwilini. Kusi ikiwa legelege maji ya huku yanabaki na joto. Na joto likizidi sana si mvua tu, 1998 matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalibadilika rangi yakawa meupe na kufa.

SWALI: Kwa hiyo dipoli ikiwa chanya na masika pia itakuwa kubwa? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Hapana, masika ina mambo yake. Dipoli kwa kawaida inakufa Desemba au Januari, upepo ukishageuka kuwa kaskazi, kwa hiyo Machi inakuwa haipo tena. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalikuja dipoli imeshaisha na El Nino inasinzia, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Ndio maana masika inawasumbua watabiri kuliko vuli.