Injini Haijaguswa

Juzi kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, kanitumia picha za shangingi: Land Cruiser VX ya 2003, dizeli, kilomita 296,000, na chini yake maneno ya dalali. "Injini haijaguswa, AC inapiga barafu, kazi yako mafuta tu." Ananiuliza, "Kaka, nichukue?" Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Maneno hayohayo niliyanunua mimi, Oktoba mwaka juzi, kwa milioni 41.

Nisijifanye mjanja. Gari ya aina ile sikuihitaji. Nilikuwa na Noah iliyonipeleka Moshi na kunirudisha Arusha bila manung'uniko. Lakini anayetoka huku kwetu Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo. Kuanzia Same mpaka Himo barabara imejaa wanaorudi nyumbani, na ukifika Marangu Mtoni watu wanaangalia kwanza umeshuka kwenye nini, ndipo wakusalimie. Nami nilitaka mwaka huo nipande mlima na VX. Halafu kuna mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ambaye kila Krismasi ana neno la kusema kuhusu gari yangu. Mnaelewa.

Kwa hiyo miezi miwili ile niliishughulikia gari kwelikweli, ila sehemu zinazoonekana. Viti vikavalishwa ngozi mpya, rimu zikabadilishwa, redio ikawekwa yenye skrini kubwa. Milioni tatu na nusu. Chini ya boneti nilibadilisha oili na filta yake, basi. Injini ilikuwa imeoshwa inang'aa, nikaona ya nini kuisumbua.

Tarehe 23 Desemba tukatoka Arusha saa 2 asubuhi, watu saba ndani na mizigo. Mpaka Himo raha tupu. Tulipokata kushoto kuanza kupanda, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikazima AC. Mke akauliza vipi, nikamjibu hewa ya mlimani tamu, fungua kioo. Kona mbili baadaye mvuke ukatoka mbele hatuoni njia.

Nyuma yetu kulikuwa na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo. Dereva wake, kijana mdogo kabisa, akashuka na dumu la maji na kunishika mkono nilipotaka kufungua kifuniko cha rejeta. "Mzee, utaungua uso. Subiri ipoe." Tukakaa chini ya migomba. Na hapo ndipo mwanyumba akapita na kigari chake, IST, kutoka Dar, akapiga honi, akasimama mbele, akarudi kinyumenyume taratibu. Hakusema kitu. Alifungua buti, akaanza kupakia mabegi yetu. Angesema ningeumia kidogo kuliko vile.

Gari ikavutwa mpaka gereji moja Moshi mjini. Fundi, mzee wa makamo, aliweka beseni chini ya rejeta akafungulia. Kilichotoka kilikuwa kama chai ya rangi iliyolala, na maji yalipotulia chembe za kutu zilibaki chini kama majani ya chai. Akachovya kidole, akanionyesha. "Walikwambia haijaguswa? Hawakukudanganya, baba. Miaka yote hii hakuna aliyeigusa."

Akanieleza huku anafungua nati. Maji matupu pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Pale lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu, yanachemka karibu na nyuzi 94. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni kulanti, yaani dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, na kifuniko kinachobana mgandamizo. Mimi sikuwa na kulanti hata tone, na mpira wa kifuniko ulikuwa umekatika. Kifuniko tu! Hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imeshapinda, ikapelekwa kuchongwa. Rejeta mpya, wota pampu, mipira yote ya maji.

Kisha akafungua kava la taiming beliti, mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu. Nikamwambia taa yake kwenye dashibodi, ile ya T-BELT, haijawahi kuwaka. Akasema taa ile haikagui mkanda, inahesabu kilomita, na mtu anaweza kuirudisha sifuri bila kubadilisha chochote. Mkanda ulikuwa na nyufa za kuingiza kucha. Ungekatika njiani, valvu zingegongana na pistoni, na ya hedi ningeikumbuka kama fadhila. Jumla, pamoja na matairi na breki, milioni 9 na laki 2. Viti vyangu vya ngozi vilikuwa vinanitazama.

Sasa wewe kijana wa Sakina, na wengine mnaojificha nyuma yake. Gari iliyotembea karibu kilomita laki tatu hesabu kwamba haina huduma yoyote mpaka uone mwenyewe. Anza na maji, taiming beliti, breki, matairi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Yakizeeka, mteremko wa kutoka Marangu unayachemsha na pedali inaingia mpaka chini. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Tairi usiangalie meno tu, soma namba nne za mwisho ubavuni: zangu zilisema 3112, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2012. Oili ya gia boksi ya otomatiki ukimwaga mara moja haitoki yote, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo rudia. Na oili ya difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, usiisahau. Redio baadaye. Rimu baadaye! Mnapenda mno gari ya kupigia picha, na nasema hivi nikijua picha zangu za Oktoba ile bado zipo kwenye simu za watu.

Kesho nenda kaione asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla dalali hajaiwasha. Fungua kifuniko cha rejeta, chovya kidole. Kikitoka na rangi ya udongo, mwambie ashushe milioni nane, kisha nipigie.

Yangu bado ninayo, inasoma 341,000. Desemba iliyopita tulipanda kutoka Himo mwendo mmoja, watu saba, AC inapuliza, mshale haukutikisika. Mwanyumba hakuwepo. Mwaka huo alibaki Dar.