Filta ya Mtungi, Umeme Unaokatika na Samaki Wangu wa Mtwara

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa katika tangi la vioo la lita 200, hapa Mtwara mjini, niliondoka kwa siku tatu kwenda Newala kusimamia uokotaji wa korosho, nikamwachia kijana wa jirani kazi ya kuwalisha. Niliporudi nilikuta samaki 9 kati ya 14 wanaelea, na maji yananuka kama yai viza. Kijana akanieleza kwa unyenyekevu: "Kaka, umeme ulikatika juzi jioni, ukarudi jana mchana. Mashine iliwaka yenyewe, nikajua mambo yametengemaa." Hakuwa na kosa lolote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba saa ile ile mashine hiyo, yaani filta ya kusafisha maji ya tangi, ilipowaka yenyewe ndipo samaki wangu walipopata sumu.

Filta ya mtungi, ile inayokaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili, ni makazi ya viumbe hai. Juu ya sponji na vipande vya kauri vilivyomo ndani yake huota bakteria ambao hugeuza amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa tunabadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao wanahitaji oksijeni, na huipata kutoka katika maji yanayopita mfululizo. Umeme unapokatika, mtungi uliofungwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa humaliza oksijeni yake katika muda wa saa chache, na kwetu pwani, ambako maji ya tangi hufika nyuzi 29 au 30 na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hali huharibika mapema zaidi. Bakteria wazuri hufa, uchafu uliojikusanya huanza kuoza bila hewa, na umeme ukirudi pampu husukuma uozo wote ule ndani ya tangi.

Kwa sababu hiyo, usafi wa filta kwetu ni kinga. Mtungi wenye uchafu mwingi huoza haraka kuliko mtungi safi pale umeme unapokatika. Mimi huufungua kila baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa mbuna hula sana na tangi langu lina samaki wengi; mwenye samaki wachache anaweza kukaa miezi mitatu. Kipimo ninachokiamini kuliko kalenda ni jagi la lita 1: nalishika kwenye mdomo wa bomba linalorudisha maji, nahesabu sekunde. Filta yangu ikiwa safi hulijaza kwa sekunde 6, na ikifika sekunde 10 najua sponji zimeziba.

Siku ya kusafisha huchomoa plagi kwanza, nikafunga koki zote mbili, nikatenganisha mipira, kisha nikaubeba mtungi hadi kwenye beseni. Maji ya kusuuzia ni yale yale ninayoyatoa katika tangi siku hiyo. Jambo hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu maji ya bomba yenye klorini huua bakteria tuliowalea kwa miezi, na baadaye mtu hubaki akishangaa kwa nini samaki wanahema juu juu ilhali filta inang'aa. Sponji nazikamua katika maji hayo mpaka tope litoke, lakini sizisugui mpaka zirudi rangi ya dukani. Vipande vya kauri navitikisa tu. Pamba laini ya juu ikichakaa naitupa na kuweka mpya, ila sibadilishi vyote kwa siku moja hata kidogo.

Sehemu ambayo wengi huisahau ni feni ndogo yenye sumaku iliyomo ndani ya kichwa cha pampu. Utelezi na chokaa ya maji huizunguka, ikaanza kunguruma, na mwenye nyumba hudhani mota imekufa. Naitoa taratibu, kwa maana mhimili wake wa kauri huvunjika kirahisi, naisugua kwa mswaki wa zamani, na palipo na ukoko mweupe nauloweka katika siki kwa nusu saa kisha naisuuza vizuri. Oringi ya kifuniko, yaani pete ya mpira inayozuia maji kuvuja, naifuta mchanga wote na kuipaka grisi ya silikoni kidogo; mafuta ya kujipaka mwilini hulegeza mpira, na mtungi huanza kuvuja usiku. Kabla ya kufunga najaza mtungi maji ya tangi, kisha nafungua koki ya kuingizia, nasubiri mapovu yaishe, ndipo nafungua ya kutolea na kuchomeka plagi.

Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, sasa huchomoa filta kabisa ili isiwake yenyewe. Natoa sponji na kauri, naziweka katika beseni pana lenye maji machache ya tangi ili zipate hewa bila kukauka, na samaki siwapi chakula mpaka umeme urudi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huendelea kutikisa maji ya tangi. Umeme unaporudi, maji yaliyolala ndani ya mtungi nayamwaga nje, nasuuza vitu vyote upya, ndipo nawasha. Nikisafiri wakati wa korosho, kijana wa jirani hufanya hivyo hivyo. Nilimwonyesha mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, na beseni lake nimeliacha chini ya meza, pembeni ya mtungi.